Nywele za Ivy Siku ya Kipimo

Jumapili mchana, walipotoka kanisani, Redempta alimkalisha bintiye katikati ya magoti akaanza kumsuka. Alisuka mistari ishirini na miwili, myembamba kama penseli, akaizungusha kutoka sikioni hadi utosini, kisha akaitia shanga nyeupe na za buluu kwenye ncha. Alipofika nusu, mumewe, Fanuel, alichungulia akauliza kwa nini asimsuke tu ile mistari ya kurudi nyuma, kazi ikaisha upesi.

“Twende kilioni?” Redempta alisema, kitana kimebanwa mdomoni. “Baba Ivy, mtoto anakwenda hospitali, na wewe unataka nimsuke mtindo wa twende kilioni?”

Fanuel alicheka akarudi kwenye pasi yake. Alikuwa akinyoosha gauni la njano ambalo Ivy angevaa kesho. Mwisho kabisa Redempta alichota mafuta ya nazi kwa vidole vitatu akayapaka juu ya mistari yote, mpaka kichwa cha mtoto kikang'aa.

“Nitakuwa kazini, sitakuwapo,” alisema. “Lakini wakimwona tu watajua ana mama.”

Hoteli aliyofanya kazi ilikuwa imejaa wageni wa mkutano, na ruhusa ilikuwa imekataliwa mara mbili. Kwa hiyo Fanuel angekwenda na Ivy peke yake, kwa mara ya kwanza.

Fanuel Momanyi alikuwa mtu wa kamba na mafundo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifunga mizigo katika ofisi moja ya wasafirishaji mtaa wa Naif, Dubai. Wafanyabiashara walileta mashuka, sufuria, nguo za watoto na viatu. Yeye alikandamiza, akafunga, akaandika kwa wino mzito jina la mwenye mali na mahali mzigo unapokwenda: Kariakoo, Eastleigh, Kampala. Alitoka Kisii akiwa kijana asiyejua jua la Dubai likoje. Hapa ndipo alipokutana na Redempta wa Bukoba, aliyemcheka Kiswahili chake kwa mwaka mzima kabla ya kukubali kuolewa naye. Na hapa ndipo alipozaliwa Ivy, aliyejua kusema “yalla” kabla hajajua kusema “twende”.

Ivy alikuwa na miaka saba, mwepesi wa maneno na wa maswali. Lakini tangu mwanzo wa mwaka wa shule alikuwa na jambo moja ambalo nyumbani walilipa jina la safari. Angekuwa anakula au anasimulia, mara angenyamaza. Macho yalibaki wazi, yakitazama mahali pasipo na kitu. Baada ya sekunde chache alirudi, akaendelea na kijiko chake. “Ivy amesafiri tena,” Redempta alikuwa akisema, na mwanzoni walicheka.

Shuleni hawakucheka. Mwalimu aliandika kwamba Ivy hasikilizi, kwamba akiitwa haitiki, kwamba ni mtoto wa kujifanya. Mwishowe shule ilisema kwamba isipopata barua ya daktari kabla ya Alhamisi, Ivy angerudishwa darasa la chini yake.

Fanuel naye, ukweli usemwe, aliamini kwa muda kwamba ni kiburi. Jioni moja mwezi uliopita alikuwa akimfundisha hesabu. Alimuuliza swali, mtoto akamtazama tu. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu kwa sauti kubwa, kisha akachukua rula akampiga mkononi. Hakumwambia Redempta. Tangu siku hiyo, kila alipoiona ile rula juu ya meza, aliipindua au akaiweka ndani ya mkoba.

Daktari waliyemwona wiki mbili zilizopita aliagiza kipimo cha umeme wa ubongo. Asubuhi hiyo ya Jumatatu ndipo kingefanywa, na daktari angewaona baadaye siku hiyo hiyo. Fanuel alitaka jambo moja tu: arudi nyumbani akijua mtoto wake ana nini.

Walifika mapema. Hospitali ya watoto ilikuwa na baridi ya viyoyozi na kuta zenye picha za samaki. Mapokezi walichukua kitambulisho chake, cha Ivy na kadi ya bima, wakawapa namba ya foleni. Namba ilipotokea kwenye kioo, muuguzi alimfunga Ivy utepe wenye jina lake mkononi, akampima uzito, urefu na joto, akamwambia Fanuel aketi amjibu maswali.

Fanuel alikuwa ameyaogopa maswali hayo usiku kucha. Mambo ya mtoto alizoea kuyajibu Redempta. Kumbe aliyajua. Alijua kwamba karanga hazimdhuru, kwamba hajawahi kulazwa, kwamba alianza kutembea akiwa na miezi kumi na mmoja.

“Uzito wakati wa kuzaliwa?” muuguzi aliuliza.

“Kilo mbili na gramu mia tisa,” Fanuel alijibu kabla swali halijaisha.

Muuguzi alitabasamu, akambandikia Ivy kibandiko cha nyota kifuani, akawaelekeza kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha kipimo.

Ukumbini palikuwa na familia moja tu: mama kijana aliyempakata mtoto wa kiume wa miaka mitano, na mwanamke mtu mzima aliyevaa buibui jeusi, miwani imeteremka puani. Fanuel alimsikia yule mtu mzima akimwambia mtoto, “Amour, acha kutafuna kidole, kwani hukunywa chai?” Moyo wake ukatulia kidogo. Kusikia Kiswahili mahali kama hapo ni kama kukuta kiti kitupu baada ya kusimama sana.

Mlango ulifunguliwa. Akatoka mpimaji, dada wa Kijordani aliyevaa beji yenye jina Jumana. “Ivy Momanyi?” aliita, akatabasamu. Kisha macho yake yakapanda kwenye nywele za Ivy, na tabasamu likapungua.

Alichuchumaa, akagusa mistari kwa ncha ya kidole, akautazama ung'avu uliobaki kidoleni. Akasimama. Alizungumza Kiingereza cha upole.

“Baba, hukupata ujumbe wetu?”

“Niliupata.”

“Wote?”

Fanuel alitoa simu. Ujumbe ulikuwapo: tarehe, saa, njooni na vitambulisho. Hapo ndipo alipoishia kusoma siku ile, akiwa amesimama juu ya robota la mablanketi na tajiri akimwita. Jumana aliusogeza juu kwa kidole. Chini kulikuwa na maneno mengine: mtoto aoshwe nywele kwa shampuu, zisipakwe mafuta ya aina yoyote, zisisukwe.

“Nabandika vipande zaidi ya ishirini kwenye ngozi ya kichwa,” Jumana alieleza. “Kwenye mafuta havishiki. Na nikibandika juu ya msuko, nitasoma msuko, sitasoma ubongo. Samahani sana. Nafasi nyingine iliyo wazi ni baada ya wiki sita.”

Fanuel alisimama na simu mkononi. Wiki sita. Alhamisi ilikuwa kesho kutwa na siku moja juu yake. Alimtazama Ivy, aliyekuwa akitikisa kichwa taratibu ili shanga zilie.

“Huyu mtoto kasukwa akasukika,” ilisema sauti nyuma yake. “Nani fundi?”

Ilikuwa sauti ya yule mwanamke wa buibui. Fanuel aligeuka.

“Mama yake. Habari yako, bibi?”

“Habari yako!” yule mwanamke alirudia, akimgeukia yule mama kijana, mkwewe. “Umeisikia? Huyu Mkenya.” Kisha akamwambia Fanuel, “Marahaba, mwanangu, japo hukuniamkia. Miye Bi Hamida. Nimesikia yote, Kiingereza chake si kigumu.”

Akaanza kuzungumza na Jumana kwa Kiarabu, haraka haraka, mkono mmoja ukimwonyesha Amour, mwingine ukionyesha kichwa cha Ivy. Jumana alitazama saa ya ukutani, akamtazama yule mama kijana, naye akakubali kwa kichwa. Jumana akamgeukia Fanuel.

“Nitaanza na Amour. Ana miadi baada yenu na yuko tayari. Atachukua dakika hamsini. Akitoka, nataka nywele zimefumuliwa, zimeoshwa, zimekauka. Vinginevyo, khalas, mtapanga siku nyingine. Sawa?”

“Sawa,” Fanuel alisema, ingawa hakujua kama ni sawa.

Jumana aliingia ndani, akarudi na chupa ndogo ya shampuu na rundo la taulo za karatasi. “Yalla,” alisema, akafunga mlango nyuma ya Amour na mamaye, kwa kuwa mzazi mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia.

Bi Hamida alikuwa tayari ameondoa pini ndefu kwenye mtandio wake.

“Mkalishe hapa kati. Miye huku, wewe huko. Unajua kufumua?”

“Najua kufungua kamba, bibi. Ndiyo kazi yangu.”

“Kamba! Huu utosi wa mtoto, si gunia la mitumba. Anzia kwenye ncha. Taratibu.”

Fanuel alitoa kalamu mfukoni, akachomeka ncha yake kwenye fundo la kwanza kama anavyofanya kwenye kamba iliyokaza. Ushanga ukachomoka. Ivy alipewa kikombe cha karatasi apokee shanga, naye akaanza kuzihesabu kwa sauti.

“Baba, unanivuta.”

“Pole, mamii.”

“Mama havuti.”

“Mama ana vidole vya binadamu,” Bi Hamida alisema. “Baba yako ana vidole vya kuli. Vumilia, mjukuu wangu.”

Ivy alicheka mpaka shanga zikataka kumwagika. Walifanya kazi. Mstari ulifumuka, ukaacha kishungi kilichojikunjakunja chenye harufu ya nazi, kisha mwingine. Muuguzi aliyepita na mafaili alisimama akaangalia, akaenda zake, akarudi na kitana cha plastiki.

“Ana nini mjukuu wangu?” Bi Hamida aliuliza, akiwa kwenye mstari wa sita upande wake.

Fanuel alimweleza habari za safari, mwalimu na barua. Kisha akateremsha sauti.

“Mimi nilidhani ni kiburi.”

Vidole vya Bi Hamida vilisimama. Alimtazama Fanuel juu ya miwani, naye Fanuel akainamia kichwa cha mwanawe kama mtu anayetafuta fundo ambalo halipo. Vidole vya Bi Hamida vikaendelea.

“Haya,” alisema. “Umeuacha mstari huo, nyuma ya sikio. Umalize.”

Mstari wa mwisho ulifumuka zikiwa zimebaki dakika kumi na saba. Fanuel alimbeba Ivy juu juu mpaka chumba cha kuogea cha familia, Bi Hamida akiwafuata na shampuu. Hakuwa amewahi kumwosha binti yake nywele tangu azaliwe. Alimwinamisha kwenye sinki, akamkinga macho kwa kiganja, akasugua. Alishangaa jinsi fuvu la mtoto lilivyo dogo mkononi, na jinsi lilivyotulia pale bila wasiwasi, kana kwamba mikono ile haijawahi kufanya kosa.

“Osha mara ya pili,” Bi Hamida aliamuru kutoka mlangoni. “Nazi haitoki kwa kubembelezwa.”

Aliosha mara ya pili. Alikausha kwa taulo za karatasi hadi zikaisha, kisha akamsimamisha Ivy chini ya mashine ya ukutani ya kukaushia mikono. Mashine ikavuma. Ivy alipiga kelele ya furaha, nywele zikafura pande zote kama pamba iliyofunguliwa kwenye mto.

“Nimekuwa simba!” alisema mbele ya kioo.

Walipotoka, Amour alikuwa akitoka pia, na alama za jeli kwenye paji la uso. Jumana alipitisha vidole katika nywele za Ivy, hapa na pale, akavitazama vidole vyake.

“Mashallah,” Jumana alisema. “Njoo, habibti.”

Ndani mlikuwa na kitanda, kompyuta na mwanga hafifu. Jumana alipima kichwa cha Ivy kwa utepe, akatia alama kwa penseli laini, akachambua nywele na kubandika vipande vidogo vya chuma kimoja kimoja, kila kimoja na waya wa rangi yake. Alimwambia kila anachofanya kabla hajakifanya: hiki ni baridi, hiki kinakwaruza kidogo, hakuna sindano. Fanuel alikaa kando ya kitanda, mguu wa mtoto mkononi mwake. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ilianza kupita, mingi, midogo, ikitetemeka kwa utulivu.

Ivy alifumba macho, akafumbua, akatazama taa inayowaka na kuzimika. Kisha Jumana alimpa kipangaboi cha karatasi kwenye kijiti.

“Sasa pumua kwa nguvu, ukizungushe. Usiache mpaka niseme.”

Ivy alipuliza. Kipangaboi kilizunguka. Dakika ya kwanza ikapita. Katikati ya dakika ya pili kilianza kupunguza mwendo, kikayumba, kikasimama.

Fanuel alimtazama mwanawe. Macho yalikuwa wazi, yakitazama mahali pasipo na kitu. Akayajua. Kwenye kioo mistari yote ilikuwa imeinuka kwa pamoja, mirefu, mikali, ikifuatana kwa kasi moja tangu mwanzo wa kioo hadi mwisho.

“Ivy,” Jumana aliita kwa utulivu. “Ivy, unanisikia?”

Hapakuwa na jibu. Jumana aliandika saa. Ghafla mistari ikaanguka, ikarudi kutetemeka kama kwanza, na Ivy akapuliza. Kipangaboi kikazunguka. Hakutazama pembeni wala hakuuliza kitu. Kwake, hakuwa ameacha kupuliza.

“Ndiyo hiyo,” Fanuel alinong'ona. “Ndiyo ile ya nyumbani.”

“Daktari ataeleza,” Jumana alisema, kwa kuwa si kazi yake kueleza. Lakini alipopita alimgusa bega.

Daktari alieleza saa moja baadaye. Alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Aliwaonyesha mistari ile kwenye kioo chake, akamruhusu Ivy aisogeze kwa kipanya cha kompyuta, akataja jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Kichwani mwa Fanuel jina likageuka kuwa neno moja la Kiswahili: kifafa. Alimkumbuka kijana mmoja wa kwao ambaye watu hawakumpa kikombe chao anywee. Huenda daktari alizoea kuuona uso huo kwa wazazi.

“Si kosa la mtu,” alisema. “Hauambukizi. Aina hii hutokea kwa watoto wa umri huu, dawa huwasaidia wengi, na wengi huja kupona wakikua. Asiogelee wala asioge kwenye beseni peke yake kwa sasa. Ikimjia, msimtikise, msimfokee. Tazameni saa, mkae naye, arudi. Barua ya shule naandika sasa hivi.”

Kisha akauliza kama kuna swali. Fanuel alikuwa na mengi, lakini lililotoka lilikuwa moja.

“Wakati ule, anasikia?”

“Hasikii,” daktari alisema. “Na akirudi hajui kwamba aliondoka.”

Saa saba, Redempta alipopata mapumziko na kuruhusiwa kushika simu, alipiga akiwa kwenye kantini ya wafanyakazi.

“Baba Ivy, wamesemaje?”

Alimwambia yote, polepole, kwa mpangilio wa daktari. Upande wa pili akasikia pua ikivutwa.

“Kwa hiyo hajifanyi,” Redempta alisema.

“Hajawahi kujifanya.” “Mama Ivy, kuna kitu sikukuambia. Mwezi uliopita, kwenye hesabu, nilimpiga. Kwa rula.”

Vyombo vya kantini viligongana nyuma ya Redempta.

“Mimi nimeambiwa,” alisema. “Yeye umemwambia?”

“Bado.”

“Basi usije nyumbani kabla hujamwambia.”

Duka la dawa la hospitali nalo lilikuwa na foleni na namba. Waliketi kwenye viti vya plastiki, Ivy na nywele zake zilizofura, akizungusha nyota kifuani. Fanuel aliinama mbele yake ili macho yao yalingane.

“Ivy, unakumbuka siku ile baba alikupiga mkononi?”

Ivy alifikiri.

“Tulikuwa tunafanya hesabu,” alisema. “Nikaona mkono unauma. Nikadhani nimeugonga mezani.”

Fanuel aliuchukua ule mkono mdogo, akaugeuza, kana kwamba alama ingekuwapo hadi leo.

“Hukuugonga. Ni mimi. Nilikuuliza hukujibu, nikakasirika. Kumbe hukuwa ukinisikia. Baba alikosa. Nisamehe.”

“Sawa,” Ivy alisema, kisha akamtazama kwa makini. “Unalia?”

“Kidogo.”

“Hapa kuna baridi, ndiyo maana,” alisema kumsaidia. Akajisogeza karibu, akaanza kumsimulia habari za rafiki yake shuleni ambaye mjomba wake ana kasuku anayejua Kihindi na Kiarabu. “Na siku moja yule kasuku alitoka nje ya kizimba, akaenda mpaka kwa jirani, halafu jirani aka...”

Akanyamaza. Macho yakabaki wazi.

Mkono wa Fanuel ulitaka kumtikisa, akauzuia. Aliutazama mshale wa sekunde kwenye saa yake. Watu walipita na mifuko yao ya dawa, namba ikabadilika kwenye kioo, na namba ile ilikuwa yao. Hakuinuka. Alikaa, bega lake likigusa bega la mtoto. Tano. Nane. Kumi na moja.

Ivy alipepesa macho. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ukurasa.

“Nilikuwa nasema nini?”

“Kasuku alikwenda kwa jirani,” Fanuel alisema. “Halafu jirani aka...”

“Eeh! Halafu jirani akamsalimia, kasuku akamjibu!” Ivy aliendelea, akacheka, na Fanuel akacheka naye, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo wakainuka kwenda dirishani kuomba samahani kwa kuchelewa.